Mke wa Mwenyekiti Si Mwanachama

Lionja, Nachingwea
17 Machi 2024

Mdogo wangu Goreti,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Ruangwa mjini, na kwamba mgahawa wako bado unawashibisha wakandarasi wa mgodi bila wao kukushibisha wewe vumbi. Sisi hapa hatujambo. Mvua ni nzuri, mihogo imesimama, na nguruwe pori wameingia shambani mara mbili tu. Mwanangu Ivan amepata kazi ya kujitolea kufundisha huko Mtwara. Hapigi simu wala haandiki, kwa hiyo ni mzima. Wenzetu Waislamu wako kwenye mfungo na sisi tuko kwenye Kwaresma, basi kijiji kizima kina njaa kwa wakati mmoja na hakuna wa kumcheka mwenzake. Teodosia anakusalimu sana. Yuko uani anachambua korosho, ndiyo maana hakuandika mwenyewe.

Salamu zimekwisha, sasa tugombane.

Nimesoma pendekezo lako. Unataka kikundi chetu cha Yatosha kikuletee kilo mia tatu za korosho zilizobanguliwa kila wiki, uziuze kwenye kambi za mgodi. Umeandika neno "faida" mara kumi na moja. Nililitafuta neno "usingizi" sikulipata. Unaandika "fursa" kama mtu anayetaja jina la mtakatifu.

Nikukumbushe tunachofanya hapa, maana naona hela imekuziba masikio. Miaka minne iliyopita kaya ishirini na mbili za Lionja zilikubaliana kwamba hatutauza tena korosho ghafi yote na kungoja bei kama watu wanaongoja hukumu. Sehemu tunaichemsha kwa mvuke, tunaibangua na kuiuza wenyewe. Kazi inaanza saa moja asubuhi, inaisha saa saba mchana. Ijumaa hatufanyi kazi kwa heshima ya Waislamu, na Jumapili kwa heshima ya Wakristo. Tunauza kiasi cha kulipia shule, dawa, bati na salfa ya mikorosho. Kikishatosha, tunaacha. Baada ya saa saba mtu anamtembelea mgonjwa, anakaa na watoto wake, au analala tu kama alivyoumbwa.

Wataalamu wanatuambia uchumi unakua. Sawa, hata kitambi kinakua. Mimi nauliza swali la mkulima: uchumi ukishakua hivyo, nani amelala vizuri kuliko jana? Nani amemzika baba yake bila kuomba ruhusa kwa msimamizi? Hayo hayamo kwenye takwimu, kwa sababu aliyetunga takwimu hakuwahi kumwuliza mtu habari za asubuhi akangoja jibu.

Wageni kutoka vyuo vikuu wanakuja kututazama kama tembo. Njoo nawe utazame. Jibu langu kwa kilo zako mia tatu ni hapana.

Ndimi kaka yako,
Saturnini
Mwenyekiti

⁂

Ruangwa mjini
2 Aprili 2024

Kaka Saturnini,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Barua yako imechelewa kwa sababu Lukumani, kondakta wa basi la Nachingwea, aliikalia siku tisa. Alisema ilikuwa nzito akadhani ni kitabu. Mimi sijambo ila pressure, ambayo daktari anasema niipunguze kana kwamba ni chumvi. Binti yangu Faith yuko kidato cha tatu na ameanza kunisahihisha Kiingereza mbele ya wateja.

Nashukuru kwa salamu za Teodosia. Nilizipeleka papo hapo. Kutoka mezani kwangu mpaka jikoni ni hatua sita, na yeye alikuwa anakata vitunguu. Nikamwambia, "Wifi, kaka anasema unanisalimu sana." Akaweka kisu chini, akasema, "Nami nimeitikia."

Leo ni siku ya arobaini na nne wifi yangu yuko nyumbani kwangu, kaka. Siku uliyoandika kwamba yuko uani Lionja anachambua korosho, alikuwa na mwezi mzima hapa. Alikuaga kwamba anakwenda kwao Nambilanje kumwona mama yake, nawe ukamjibu arudi kabla ya Jumatano kwa kuwa kuna wageni. Alikwenda kweli Nambilanje. Alikaa siku tatu, kisha akapanda pikipiki kuja kwangu. Hakuomba hela wala ushauri. Aliomba mahali pa kulala.

Alilala siku mbili. Nilimweka Faith mlangoni asikilize kama anapumua. Siku ya tatu akaamka, akaoga, akaniuliza kama nina kazi. Sasa anaanza saa kumi na mbili asubuhi, anamaliza saa nane mchana, na Jumatatu hafanyi kitu chochote. Analipwa. Huko ndiko kunyonywa kwenyewe, na amenenepa.

Nilimwuliza kwa nini ametoka kwenye pepo ya saa saba. Akasema, "Mimi sikuwahi kuiona hiyo saa saba." Nikadhani anatania. Akanieleza kwamba kanuni ya kikundi inasema kila kaya iwe na mwanachama mmoja, na kwamba kaya yenu mwanachama ni wewe. Ubao wa saa za kazi unaotundikwa bandani una majina ishirini na mawili, na la kwake halimo. Mke wa mwenyekiti si mwanachama. Mke wa mwenyekiti ni mke wa mwenyekiti.

Kilo mia tatu nimeziacha. Nina swali jingine: utakuja kumwona mkeo, au nikutumie takwimu?

Mdogo wako,
Goreti

⁂

Lionja
28 Aprili 2024

Goreti,

Mvua imekatika. Mihogo haijambo. Salamu nyingine sitoi, maana nimeambiwa salamu zangu ni za uongo.

Kwanza, hongera. Ulikosa korosho zangu ukachukua mke wangu. Hata makampuni makubwa hayafanyi biashara kwa ustadi huo.

Pili, kanuni ya kila kaya mwanachama mmoja niliiandika mimi kwa mkono wangu, na siionei haya. Niliiandika ili kaya kubwa zisizimeze kaya ndogo. Mtu mwenye watoto wanane wakubwa angekuwa na kura nane, na mjane kama Zaina angebaki na moja. Kanuni hiyo ndiyo iliyotuweka pamoja miaka minne. Wewe unaisoma kana kwamba niliitunga ili kumfunga Teodosia mlangoni.

Tatu, Teodosia si kibarua wangu. Ni mke wangu. Alichofanya alikifanya kwa ajili ya nyumba yake. Tangu lini mtu anahesabiwa saa nyumbani kwake? Tukianza kumlipa mama kwa kila kijiko cha uji, tumeikabidhi nyumba kwa soko, na hilo ndilo jambo nililopigana nalo maisha yangu yote. Nimesoma kila kitabu kilichonifikia kuhusu unyonyaji. Nilifundisha historia miaka kumi na tisa. Usinifundishe unyonyaji kutoka kwenye mgahawa wa chipsi.

Nne, sikujua kwamba amechoka. Hakusema. Angesema ningemsikia, mimi ni mtu wa kujadiliana.

Sitakuja kumchukua. Si mzigo wa kuachwa stendi, na miguu anayo.

Saturnini

Baada ya kufunga nimefungua tena. Mwulize alikuwa anatumia kuni zipi kuwasha tanuri la kuchemshia. Hizi ninazotumia mimi zinatoa moshi mwingi na korosho zinachelewa.

⁂

Ruangwa mjini
3 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Ufuta unavunwa, mji umejaa pikipiki na walevi, na mimi nauza supu kuanzia alfajiri. Faith amekuwa wa nne darasani. Nimekawia kukujibu kwa kuwa kila nilipoanza nilikuwa nacheka, na mwandiko ulikuwa unaharibika.

Kuhusu kuni. Wifi anasema ni zile zilizopangwa upande wa kushoto wa banda, zilizokatwa Septemba, si za kulia ambazo ni mbichi. Unaanzisha moto kwa maganda ya korosho, viganja viwili tu. Ukizidisha, moshi wake unachoma macho. Moto uwashwe saa kumi alfajiri ili korosho ziwe zimechemka na kupoa wanachama wanapofika saa moja. Amesema pia uangalie bomba la mvuke, lina ufa ambao huwa anauziba kwa udongo wa kichuguu kila Jumatatu.

Unasema hakusema. Nilimwuliza. Akanieleza siku moja ya Lionja huku akimenya viazi, bila hasira, kama mtu anayesoma orodha ya mahitaji. Saa kumi anawasha moto. Kabla ya hapo ameshachota maji, kwa sababu mvuke hautoki hewani. Saa moja wanachama wanakuja, wanabangua mpaka saa saba, wanakwenda kupumzika, na wewe unawaambia kwamba masaa sita yanamtosha binadamu. Wakiondoka yeye anaanika, anachambua, anapanga madaraja, anafagia maganda. Jioni anatafuta kuni. Ijumaa na Jumapili kikundi kinapumzika, kwa hiyo hizo ndizo siku za wageni. Anawapikia. Wanakaa kwenye viti wanakusikiliza ukieleza jinsi kijiji kizima kilivyoshinda uchovu. Mara moja msichana mmoja wa chuo alimfuata jikoni kumwuliza kama anaridhika na maisha, kwa alama moja hadi kumi. Wifi akamwomba amshikie sufuria kwanza.

Basi, kaka, huo uchumi wenu wa kutosha nimeuelewa. Watu ishirini na mbili wanapumzika kwa zamu juu ya mgongo wa mmoja. Mimi mwenye uroho wa faida nina wafanyakazi watano na migongo mitano.

Lakini nisijisifu sana, maana huyu mkeo amenivuruga. Mkandarasi mmoja aliniletea zabuni ya chakula cha usiku kambini. Hela nzuri. Nikawaita wafanyakazi niwape habari njema. Wakati wote wanapiga makofi yeye akauliza, "Nani atapika?" Nikasema tutajipanga. Akauliza tena, "Nani?" Nikaona wote wananitazama mimi, na mimi nilikuwa nimeshika ukuta kwa kizunguzungu. Zabuni nimeirudisha. Usimwambie mtu.

Hajauliza habari zako. Lakini swali la kuni alilijibu kwa urefu, na alinitaka nisome nililoandika ili asikie kama nimekosea.

Goreti

⁂

Lionja
21 Julai 2024

Mdogo wangu Goreti,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu zangu, ambazo ni zangu peke yangu na nimezihakikisha. Tunapuliza salfa, watu wote wa hapa wana nyuso za njano na wanakohoa. Ivan alipiga simu kwa jirani. Alipoambiwa mama yake hayupo akasema, "Na mimi nilikuwa najiuliza ataondoka lini." Amekua, mtoto yule.

Nimekaa karibu wiki sita bila kukujibu. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nachota maji.

Nikueleze kwa utaratibu. Teodosia alipoondoka, wanachama walifika saa moja wakakuta korosho hazijachemka. Wakangoja mpaka saa tatu, wakamaliza kazi saa tisa. Wiki ya kwanza walinipa pole. Wiki ya pili wakanung'unika. Tukapiga makasia hivyo mpaka Mei, mimi nikiwaeleza kwamba hizi ni changamoto za mpito, neno ambalo nimewahi kuwacheka viongozi wanne kwa kulitumia. Ndipo siku moja Zaina akasimama. Unamjua Zaina, yule mjane wa marehemu Hassani, mama asiyepandisha sauti hata nyuki wakimvamia. Akasema, "Mwenyekiti, ile saa saba yetu ilikuwa inatoka wapi?"

Nikainuka. Nikaenda kutafuta ndoo.

Kuanzia kesho yake nikachukua kazi zote za Teodosia mwenyewe, si moto tu. Maelezo yako ya kuni yalipofika niliyafuata kama mtu anayefuata kitabu cha misa. Zaina naye akaongeza mstari wa ishirini na tatu kwenye ubao. Hakuandika jina. Kila jioni alikuwa ananiuliza nimeanza saa ngapi, nimemaliza saa ngapi, anaandika. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tatu. Siku ya mapumziko ya Jumapili, kumi na moja. Watu wote wakawa wanaupita ubao ule bila kuuangalia, kama wanavyoipita nyumba yenye msiba.

Jumapili moja walikuja wanafunzi tisa wa chuo kikuu na madaftari yao. Nilikuwa peke yangu jikoni. Mmoja akaniuliza nimewezaje kuleta mizani kati ya kazi na maisha, na ugali ukaungua wakati nikimjibu. Waliula. Ni vijana wenye adabu. Nilipowaona wakitafuna kwa shida nikajiuliza ni wageni wangapi waliokula vizuri kwangu wakaondoka na kuandika kwamba siri ya Lionja ni mwenyekiti.

Tumefanya mkutano mkuu tarehe kumi na tatu. Tumeifuta kanuni yangu na kuandika nyingine: kila mkono unaofanya kazi ni mwanachama, na kila mwanachama ana saa zake ubaoni. Wamejitokeza kumi na mmoja ambao walikuwa wakitufanyia kazi bila sisi kuwaona. Kumi ni wake zetu, na mmoja ni mzee Abdala, ambaye kumbe miaka yote minne ndiye aliyekuwa anatengeneza visu vya kubangulia na hakuna aliyewahi kumwuliza. Tukazigawa saa zote upya, na moto ukawa wa zamu. Masaa sita yalikuwa uongo, Goreti. Ukigawa kwa haki, ni masaa saba na nusu. Tunamaliza saa nane na nusu. Wapo walionuna. Mimi nasema bado ni fupi kuliko siku ya mtu wa mgodini, ila sasa nikisema sitazami chini. Wageni wanakuja na unga wao na wanapika wenyewe. Idadi yao imepungua sana.

Teodosia ni mwanachama namba ishirini na tatu. Nimeambatanisha kadi yake. Mwambie bomba nimelibadilisha, kuni za Septemba zimepangwa, na basi la Jumamosi linafika Nachingwea saa tano. Nitakuwa stendi.

Kaka yako,
Saturnini

⁂

Ruangwa mjini
15 Agosti 2024

Kaka Saturnini,

Shikamoo. Leo ni sikukuu ya Mama Maria, kanisa lilijaa mpaka nje. Faith mzima. Mimi nashukuru Mungu, vidonge nimepunguziwa.

Najua ulisimama stendi. Lukumani alinieleza. Alisema ulivaa suti.

Nilimsomea wifi barua yako mara mbili kwa sababu alitaka irudiwe. Penye ugali ulioungua alicheka mpaka akakaa chini. Penye ubao aliniomba nirudie zile saa. Penye mzee Abdala alisema, "Afadhali." Nikampa kadi. Akaiangalia mbele na nyuma, akaifuta unga, akaiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho chake. Nikafurahi, nikadhani yameisha. Nikamwuliza kama nimkatie tiketi.

Akasema, "Kaka yako ameniingiza kwenye kikundi, na kikundi nakishukuru. Lakini mimi sikuolewa na kikundi."

Siku ya pili yake habari zikaja kwamba mama yake, Bibi Agatha, ameteleza na kuumia nyonga. Tarehe kumi ameondoka kwangu kwenda Nambilanje, na amesema atakaa huko, msimu huu wa kilimo na pengine mwingine. Kwangu ameniachia orodha ya zamu ukutani, na naifuata. Jioni tunafunga. Sikuwahi kujua kwamba hapa mjini watoto wanacheza mpira nyuma ya mgahawa wangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo yeye hakukutuma nikuambie. Kwa desturi yetu mwanamume akioa anahamia kwa wakwe zake na kulima shamba la mama mkwe, hata kama ni misimu miwili, ndipo azungumze habari ya kuondoka na binti yao. Baba alifanya. Babu alifanya. Wewe mwaka tisini na nane ulikuwa mwalimu mpya mwenye miwani, ukawaandikia wajomba wa Teodosia barua ya kurasa nne kuwaeleza kwamba desturi hiyo ni wazee kuwanyonya vijana. Wakakuachia, wakaona msomi. Barua hiyo Bibi Agatha bado anayo. Kusoma hajui, lakini anajua ni kurasa nne. Wifi anasema mama yake kila mwaka mvua zikikaribia husema shamba lile lina jembe moja ambalo halijawahi kufika.

Sikuambii ufanye nini. Wewe ndiye uliyesoma.

Goreti

⁂

Nambilanje, Ruangwa
8 Desemba 2024

Mdogo wangu Goreti,

Amani ya Bwana iwe kwako na kwa Faith. Samahani kwa mwandiko, vidole havikunjuki. Viganja vilipasuka wiki ya kwanza, vikapona, vikapasuka tena, na sasa vimekuwa vigumu kama vya baba.

Nina wiki ya saba hapa. Hutanisikia nikieleza nilivyofikia uamuzi, kwa sababu hakukuwa na uamuzi. Nilikaa Lionja Agosti na Septemba nikitunga majibu ya barua yako. Nilitunga matano. La nne lilikuwa zuri sana, lilianza na mfumo wa umiliki wa ardhi na kuishia na haki za vijana. Nikamsomea Zaina. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama jembe langu lina mpini.

Uenyekiti nimeuacha. Zaina amechaguliwa kwa kura thelathini na moja kati ya wanachama thelathini na tatu; Teodosia hakuwepo, na ya kupinga ilikuwa moja, yake Zaina mwenyewe. Nilitegemea kwamba bila mimi watayumba kidogo, hata wiki moja, kwa heshima. Hawakuyumba. Msimu huu wamebangua zaidi na wameongeza siku ya tatu ya mapumziko mwezi ukiisha, kwa mazishi na harusi zilizorundikana. Abdala aliniletea habari hizi akitabasamu, nikalazimika kutabasamu.

Nilipofika hapa nilikuta wajomba wawili wa Teodosia wamekaa barazani. Nilikuwa nimeandaa maneno. Mmoja akanionyesha mkono kuelekea bondeni, akasema shamba ni lile, linaanzia kwenye kisiki. Nalala kwenye kibanda cha vijana waoaji pembeni ya uwanja. Mwenzangu humo ana umri wa miaka ishirini na mbili. Ananiita "mzee mwenzangu," ananifundisha kupiga matuta kwa kamba, na ameniuliza kwa nini mimi nimechelewa. Nikamwambia nilikuwa nasoma. Akasema, "Kitabu kirefu."

Mama mkwe haongei nami moja kwa moja, kwa heshima ya ukwe. Anaongea na kuku. Anatoka na fimbo yake, anasimama mbali ukingoni mwa shamba, anawaambia kuku kwamba tuta la tatu limepinda, kwamba mihogo haipandwi kama bendera, kwamba siku hizi watu wanalima kama wanaandika. Kuku hawajibu. Nami nabomoa tuta la tatu naliinua upya. Wiki iliyopita aliwaambia kuku kwamba mvua ikinyesha leo shamba halitaaibika. Nililala vizuri usiku ule kuliko siku niliyohojiwa redioni.

Bado nina hoja zangu, usidhani jua limezikausha. Bado naamini kwamba nchi inayohesabu tani na haihesabu pumzi za watu ni duka lenye bendera. Naamini hivyo kuliko mwanzo. Lakini nilikuwa naanza kuhesabu kuanzia barabarani, kwa watu wanaoniona, na nyumbani naingia nikiwa nimeshamaliza hesabu. Mtu akiuliza sasa tuanzie wapi kujenga uchumi wa kuishi vizuri, nitamwambia atafute kwanza nani anaamka saa kumi. Kisha anyamaze. Hilo la pili ndilo linalonishinda.

Habari za Teodosia sijakuambia. Ananipa chakula pamoja na yule kijana, sahani mbili sawa, wala yangu haina nyama zaidi. Mwezi wa kwanza tuliongea habari za mbegu na nyonga ya mama yake. Sikumwomba arudi. Nilitaka, na nilikuwa na maneno, lakini nimegundua kwamba kila nikiwa na maneno mengi mtu mwingine anakuwa anafanya kazi.

Juzi mvua ya kwanza kubwa ilinyesha. Asubuhi alishuka shambani na kibuyu cha maji. Sikuwa nimemaliza mstari, nikataka kuendelea ili aone. Akasema nikae. Tukakaa kwenye ukingo wa tuta, yeye huku, mimi huku, udongo ukitoa mvuke. Alikunywa kwanza yeye, akanipa. Akaangalia shamba lote, mwanzo mpaka kisiki, matuta yote yakiwemo yale yaliyopinda.

Akauliza, "Mwakani tutalima wapi?"

Goreti, alisema "tutalima." Hotuba tatu zilinijia. Nilizijua zote, zilikuwa na utangulizi na hitimisho. Nikamwuliza yeye anataka wapi.

Akanitazama kama mtu anayeangalia chombo kilichokarabatiwa na hajui kama kitashika maji. Akasema atafikiri. Akachukua kibuyu chake akapanda kilima.

Zimepita siku mbili. Bado anafikiri, nami nalima.

Kaka yako,
Saturnini